Mtaro wa Barabara ya Kumi na Sita

Mhina, nimekujia, asubuhi na mapema,
Wala hukunisikia, nje nilivyosimama,
Tope limeniishia, magotini, na nahema,
Kuna neno la kusema, upesi, sijalimeza.

Siku ile Ngamiani, kikao kwenye baraza,
Ulichora mchangani, mtaro, ukaeleza,
Nikakwambia usoni, "Sisi hutatupumbaza!"
Walicheka; 'kanyamaza, ukafuta kwa kiatu.

Masika hayabishani, wala hayana kamati,
Jana usiku chumbani, maji yakapanda kiti,
Godoro limo majini, kimelowa hata cheti,
Yalipita katikati, pale ulipopachora.

Kwanza nilimtukana, fundi aliyeshauri,
Mvua nayo, kwa laana, nikaipa yake shari,
Mke wangu akanena, "Chota maji, tafakari."
Ndoo, mpaka fajiri, na jina lako kichwani.

Nilikosea. Si mvua, wala si fundi, ni mimi,
Ulipima kwa hatua, nilipima kwa ulimi,
Aibu yanipasua, ila kwako sijihami,
Kicheko kile, sisemi, ndicho kinachoniuma.

*

Mhina hakunicheka, alinipa kandambili,
"Hesabu uliyoweka, ya saruji, ni ya kweli,
Nami nilighafilika, hilo kamwe sikujali,
Ila lile la kibali, hapo bado nakupinga."

Tukashuka barazani, yeye ameshika kamba,
Mwatumu wa dirishani, sauti yake yatamba:
"Mwagombana tena nini?" "Twabishana, na twachimba."
Mfereji ni mwembamba, ila maji yaujua.