Meno ya Otia

Kwenye arusi ya mpwa wake, huko Kakheti,
Otia alisimama na pembe ya divai,
akawaombea marehemu, akawaombea walio hai,
na alipofika kwenye jina la mkewe
meno ya chini yakamtoka, chubwi! ndani ya pembe.

Hakucheka mtu. Hilo ndilo lililomuuma.

Akaja kwangu Telavi, meno mfukoni,
yamefungwa kwa leso, yananuka gundi ya mnanaa.
Nikamwambia: "Mzee, gundi ni deni,
ukililipa asubuhi, jioni linadai.
Ufizi umesinyaa kama zabibu juani;
hapa hata ukweli ungeteleza."

Tukapandikiza skrubu mbili tayani,
tukangoja miezi mitatu mfupa uzikumbatie.
Alikunywa uji, akanuna.
Kisha nikapachika vifungo,
vidogo kama vya shati la kichanga.
Ta! Ta!
Akavuta kwa ulimi. Akavuta kwa kidole.
Yakagoma.

Nilidhani ataomba kioo, au tofaa.
Aliketi tu, kitambaa bado shingoni,
akasema polepole, "Lamara,"
halafu tena, "Lamara,"
kama mtu anayejaribu kitasa
cha mlango alioufunga mwenyewe.