Koki

Nje, ziwa zima limeganda.
Hapa Duluth, Februari, jirani yangu Halvorsen
ametoboa tundu, amekaa na kigoda juu ya maji,
na humu jikoni friji ya dola elfu mbili
imekosa donge moja la kumwekea Siwema shavuni,
aliyeng'olewa jino asubuhi.
"Si ukachukue nje," anasema mke wangu.
Kweli. Lakini mimi nimeshaudhika.

Nilianza na filta. Ya zamani ilitoka imevaa masizi.
Nikatia mpya, nikatega sikio:
mguno, kisha kimya.
Nikakagua kile kijiwaya kinachoiambia mashine "imetosha".
Hakikuwa kimepanda. Hakuna kilichotosha.
Nikapuliza draya ya nywele kwenye mrija,
nikidhani umeziba kwa barafu. Ulikuwa mkavu
kama koo la mfungaji saa kumi na moja.

Fundi anataka dola mia na ishirini kubisha hodi tu.
Basi nikaivuta friji mwenyewe,
ikachora mistari miwili sakafuni
ambayo mwenye nyumba ataiona kabla hajavua viatu.
Nyuma: vumbi, soksi, karanga tatu,
na mpira wa maji, mzima, haukujikunja popote.
Nikaufuata kwa tochi ya simu hadi chini ya sinki,
kifudifudi kati ya sabuni na mifuko ya mifuko.

Koki imefungwa.
Imekazwa kwa kiganja cha mtu
aliyepanga foleni ya bomba miaka arobaini.
Shingoni mwake, kitambaa cha kuchujia tui,
fundo lile lisilosikia kucha,
na chini yake kopo la jemu, kavu.

Mama. Aliondoka Novemba.
Miezi mitatu alilala chumba cha pili
akisikia tone, tone,
sisi hatusikii kitu.
Alisema mara moja tu: "Maji yenu yanalia."
Nikamjibu, mama, hiyo ni mashine.

Fundo nimelifungua kwa meno. Koki nimeipa nusu.
Tone limerudi, kopo limelipokea.
Saa tisa usiku, ndani ya friza,
madonge ya kwanza yameanguka
kama mtu apangaye vikombe gizani
akichelea kuwaamsha wenye nyumba.

Kwao Muheza ni saa sita mchana. Nimempigia.
Tui liko motoni, anasema, lisije likakatika;
nipigie baadaye.