Kifua cha Podo

Fundi Ezati hapimi kwanza. Anagonga.
Kiungo cha kidole cha kati, sikio karibu na ubao.
"Huu umekufa," asema,
na ubao unakwenda jikoni kwa Mama Zubeda.
"Huu bado unapumua. Uweke darini, miaka miwili."
Miaka miwili! Nami nilikuja hapa Oli
nikidhani kufikia Krismasi nitakuwa na gita langu.

Mwaka wa kwanza nilifagia.
Vumbi la mvule hukuna koo,
la podo hunukia daftari jipya,
na maranda ya mkangazi, ukiyabana kiganjani,
hujikunjua polepole
kama mtu aliyekwisha kusema hapana.

Mbavu tunazikunja kwenye bomba la moshi
la lori lililofia njia ya Koboko.
Makaa ndani, maji juu ya ubao,
na mikono isiyo na haraka.
Ukilazimisha utasikia *ka!*
Huo ndio mshahara wako wa wiki.
Kisha tunafunga kwa mipira ya baiskeli,
mizunguko arobaini, hamsini,
mpaka gita lifanane na majeruhi
aliyefungwa bandeji na ndugu wenye hofu.

Mwaka wa tatu akaniachia kifua.
Nikakikwangua kwa kipande cha kioo
hadi mwanga wa mlangoni ukapenya,
mwekundu, kama upenyavyo sikio la mtoto.
Fundi alikuwa amekwenda sokoni kutafuta gundi.
Nikachukua penseli, nikaandika kwa ndani,
pale ambapo hata vidole vya mpigaji havifiki:
*Driwaru. Siku ya mvua.*
Tukakifunga jioni ile. Nikanyamaza.

Alilinunua Berocan wa Nebbi,
apigaye harusini na matangani kwa bei ileile.

Mwezi wa nane likarudi.
Tumbo limevimba, daraja limebanduka,
nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia.
"Mvua," Berocan akasema. Kisha, kwa sauti ndogo:
"Na shemeji yangu alilikalia."

Fundi akapasha kisu moto,
akakipitisha kwenye mshono,
taratibu, kama afunguaye barua isiyo yake.
Mimi nilikuwa nasugua kwa msasa
kitu kilichokwisha kulainika tangu jana.

Kifua kikafunguka. Akasoma.
Akakipeleka mlangoni, akasoma tena.
Mama Zubeda akapita na karai la mandazi.
Umeme ukakatika, ukarudi,
naye bado ameshika ubao.

"Penseli," akasema mwishowe,
"unyevu wa Arua utaifuta."
Akarudi kwenye jiliwa zake,
akamuuliza Berocan habari za mihogo.

Nilipogeuka, msumari
ulikuwa tayari kwenye makaa.

Jina langu lina herufi saba.
Kwenye ya pili mkono ulitetemeka,
moshi ukaniingia machoni,
na mguu wa *r* ukapinda, ukavuka mhimili.
Hakunisahihisha.
Iko Nebbi sasa, gizani, na mguu wake mbovu,
ikisikiliza matanga ya watu.