Mizani ya Mweka Hazina

Mchana napima tumbaku ya watu pale ghalani Cheyo:
jani refu, jani fupi, jani lililoungulia kwenye bani,
kila robota na daraja lake, na mkulima amesimama
akinitazama mdomo kama mshitakiwa anayemtazama hakimu.
Usiku napima wachezaji.

Kikao kimeniachia karatasi moja na soda ya moto.
Upande wa kulia Lugusi wetu, mshambuliaji:
laki tisa kwa mwezi, pango la Isevya juu yetu,
mabao mawili tangu msimu uanze,
moja la penalti, na lingine lilimgonga mgongoni
akiwa amegeuka kumlaumu refa.
Upande wa kushoto Ntagaye wa Kigoma, beki wa kati:
laki nane na nusu, mkataba wenye mkia mrefu,
na anageuka, wanasema, kama meli kuukuu inayotafuta gati.

Katibu anasema tubadilishane, kichwa kwa kichwa.
Mwenyekiti anasema damu mpya.
Damu mpya ya miaka thelathini na minne!
Mimi kimya. Nimeshamwona mkulima
akitoa robota lenye ukungu, akachukua la jirani
lenye ukungu,
na wote wawili wakarudi kwao wakipiga mluzi.

Hesabu haina aibu, basi niifanye.
Lugusi amebakiza mwaka, Ntagaye miwili.
Tukibadilishana, elfu hamsini inabaki kila mwezi:
laki sita mkononi mwaka huu,
milioni kumi na ushei shingoni mwaka ujao.
Bado nauli ya treni. Bado mke wa Ntagaye,
ambaye hapandi treni bila jokofu lake.

Jana nilimpigia Bi Nyabenda, mwenzangu wa Kigoma,
naye ana karatasi kama hii, imekunjwa vilevile.
"Goti la Ntagaye?"
"Zima kabisa. Na nyonga ya wenu?"
"Nzima."
Tukanyamaza pamoja, vocha yangu ikiteketea.
Nyuma yake nilisikia kitu kikikaangwa kwa mawese;
yeye bila shaka alisikia kalamu yangu ikigonga meza.
Hatukudanganyana.
Tulisalimiana tu kwa uongo, kama watu wenye adabu.

Na hili sijui niliandike safu gani:
mwaka ule wa mvua, mpira umezama topeni,
Lugusi akauchokoa kama mtu anayeng'oa muhogo,
dakika ya tisini imeshapita, tukapanda ligi,
na mama yangu, aliyekuwa hajui kuotea ni nini,
akamkumbatia polisi.
Bao halichachi. Ila pango nalo halilipi.
Mshahara ule niliuandika mimi, kwa mkono huu,
kiganja bado kinawasha kwa makofi.
Basi nani aliyezidisha,
nyonga yake au wino wangu?

Leo magharibi amekuja mwenyewe,
viatu vya mpira kwenye mfuko wa rambo,
chupa ya asali kwapani, ile nyeusi ya miombo.
Hakuuliza kama ni kweli. Tabora hii,
siri ikitoka kikaoni hufika sokoni kabla ya mlinzi kufunga mlango.
Aliuliza:
"Mama Kalunde, uwanja wa kule ni nyasi au mchanga?
Mchanga nyonga hii haiuwezi."

Nikamwambia sijui.
Akashukuru, kana kwamba nimemjibu,
akaondoka akiuficha mguu, akitembea wima
mpaka alipodhani giza limemmeza.

Karatasi ilitaka kupeperuka, nikaiwekea ile chupa juu.
Kisha nikainyanyua tena, nikaipima kwa kiganja,
mazoea tu ya kazi:
kilo moja na robo, imejaa hadi shingoni.
Haikupunjwa.