Utoro

Mvua haikunyesha kwetu.
Ilinyesha huko juu, Kilema na Kirua,
kwa wenye migomba na ukungu,
nasi huku Kahe, mahindi yamejikunja kwa jua,
tukaletewa bili.

Mwaka ule ilikuja saa nane usiku, nyota zote zipo.
Ikachukua jiko la mama Ndelilio, mbuzi saba,
daftari la ushirika,
na mlango wa choo cha shule,
ambao tuliukuta Jumapili
umekwama juu ya mgunga.

Ndipo tukajenga lambo.
Mfinyanzi kwa karai, shibiri juu ya shibiri,
na kwa kuwa mtambo wa kushindilia haukufika
(mafuta, wakasema; kisha dereva; kisha wakanyamaza)
tulipitisha ng'ombe juu ya tuta,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
baba nyuma yao na fimbo
kama anayewapeleka malisho yasiyofikika.

Mtaalamu, kijana wa Same, matope hadi kwenye soksi,
alionyesha pembeni kwa kalamu:
"Hapa mwache utoro."

Tukacheka.
Utoro tuliujua: wa Anaeli, kaka yangu,
aliyetoka darasa la sita kwa dirisha
akaenda Mererani kutafuta jiwe la buluu,
na jina lake nyumbani
likawa halitajwi wakati wa kula.

"Ni njia ya maji yaliyozidi," akasema kijana.
"Tuta halivunjwi na maji mengi.
Huvunjwa na maji yaliyokosa pa kutokea."

Baba hakucheka.
Kujenga ukuta kisha kuutoboa, akasema, ni akili gani?
Usiku nikamsikia akitoka na karai.
Asubuhi pengo limezibwa,
na hakuna aliyeuliza.

Masika yaliyofuata mlima ulijifunika tangu alasiri.
Maji yalifika na sauti ya mawe yanayogombana,
yakaegemea tuta,
yakapanda
hadi kwenye nyayo za ng'ombe,
yakizijaza mojamoja kama vikombe.

Nilimkuta pembeni, tochi mdomoni, jembe mkononi,
akifukua alichofukia.
Hakuniambia nisaidie. Nikasaidia.
Udongo wake ulikuwa mgumu, aliushindilia vizuri,
alikuwa fundi hata kwenye kosa.

Kisha maji yakaliona pengo.
Yakatoka bila kuaga,
yakashika korongo la zamani
yakaenda zao Nyumba ya Mungu.

Kulipokucha tuta lipo.
Limekwanguliwa ubavu, linatiririka jasho, lipo.
Baba amekaa juu yake, kiatu kimoja kimechukuliwa,
anatazama mkondo mwembamba unavyoendelea kutoroka.

"Ile namba ya Anaeli," akasema,
kama anauliza bei ya mbolea,
"bado unayo?"

Nilikuwa nayo.
Sikuwa na salio.
Tukaenda kwa miguu hadi dukani kwa Mchomvu,
yeye na kiatu kimoja,
tukagonga dirisha kabla hajafungua,
tukanunua vocha ya mia tano.