Ringi ya Nyuma

Fundi Ndeonansia hapimi kwa mashine.
Anapitisha ukucha wa kidole gumba
ubavuni mwa ringi, taratibu,
kama anatafuta mwiba kwenye wayo wa mtoto.
"Imelika. Hapa pana bonde."

Miaka kumi na mmoja kaka yangu Eliabu
aliteremsha maziwa kutoka Kibosho hadi Mbuyuni,
madumu mawili, ukungu, tope jekundu la masika
likisaga pamoja na raba za breki, kona hadi kona,
mpaka mgongo ulipomkatalia.
Raba ikiisha alinunua nyingine.
Ringi nani aliiuliza?

Nilidhani baiskeli huzeeka kwa kutu.
Kumbe huzeeka kwa kusimama.

"Na upepo wote huu wa nini? Unakwenda mashindano?"
Anafungua kizibo. Fsss.
Anabonyeza tairi, anafungua tena kidogo.
"Ringi nyembamba haitaki kifua kipana.
Itapasuka ubavu, nawe uko mtelemkoni
na maziwa ya watu."

Namwambia aweke mpya.
Nusu leo, nusu Jumamosi.
Ya zamani naishika: nyepesi mno.
Namuuliza, alumini iliyopungua imekwenda wapi?
Anatafuta spana. Hanijibu.

Kesho nitashuka njia ile ile.
Kwenye kona ya kanisa,
pale Eliabu alipozoea kubana kwa mikono miwili,
nami nitabana,
na kidogo cha kwangu kitabaki barabarani
juu ya chake.