Vijiti Vinane

Kabla sijakwenda Mkoani kuitazama
nililala chali sakafuni, jikoni,
nikamulika uvungu wa kabati la mikate kwa tochi ya simu,
nijizoeze tu kulala chini bila kuona haya
mbele ya mwanamme anayeuza.

Faki Mselem alikuwa ameshaiogesha.
Ilichuruzika maji pale kwenye mwinuko wa bandarini,
nyeupe kama jino la kubandika.
Akanisomea:

    Gari ni ya Ujapani, haili hata petroli,
    Ilitunzwa kibandani, haijapata ajali,
    Ukiichaji nyumbani, utafika nayo mbali,
    Dada toa mfukoni, bei yangu si ya ghali.

Vina vilikuwa sawa. Mizani nilihesabu, sawa.
Nikashika waya wa chaji: bado una joto.
Ameinywesha mpaka aliponiona nashuka.

Nikalala chini.
Uvungu unayajua yasiyojulikana na rangi.
Kutu imeanza kwenye nati za bamba la betri;
nikaikwangua kwa ukucha, ikabanduka kama ukoko.
"Haijawahi kugongwa," Faki akasema juu yangu, viatu vyake karibu na sikio langu.
Aliyekuwa mume wangu naye hakuwahi kugongwa.
Aliisha ndani kwa ndani,
na rangi yake mpaka leo inang'aa.

Kioo cha mbele kinazungumza Kijapani,
mwanamke mpole, sijui ananikaribisha au ananionya.
Lakini namba ni namba: kilomita elfu sitini na moja.
Na pembeni, vijiti vya uhai wa betri.
Ikiwa mpya huwa kumi na viwili.
Nikavihesabu kama mama anayehesabu watoto wakitoka kuogelea.
Vinane.
Nikarudia. Vinane.

"Mbona chaji imejaa!" akanionyesha mia kwa mia.
Kaka yangu, kopo likijaa limejaa,
lakini haliwi pipa.

Basi nikapakia: Biubwa fundi umeme, shemegi yangu Asaa
ambaye peke yake ni watu wawili, na magunia mawili ya unga.
Kipoza hewa nikakifungua chote.
Faki akasema, "Mnaionea."
Nikamwambia, maisha hayataihurumia.

Mlima wa Mkoani ukala asilimia nne.
Mtambile themanini na tano. Chake, sitini na tatu.
Mteremko mmoja uliturudishia moja,
kama mdeni anayelipa shilingi kwa shilingi huku akitaka ashukuriwe.
Biubwa akachomeka kidude chake chini ya usukani,
akasoma simu, akanyamaza, kisha:
"Kuna seli moja mgonjwa. Na msafara
huenda kwa mwendo wa anayechechemea.
Na waya huu ni wa umeme mdogo wa kwao,
ukiuchomeka kwako utanuka kabla ya adhana. Nunua mwengine."

Kutoka Mtambile hadi Chake na kurudi, alfajiri na jioni:
nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya luku.
Inatosha. Haizidi, inatosha.

Nikataka kumjibu Faki kwa ubeti wake:

    Vijiti vinne havipo, na mimi vinne sitoi,
    Nanunua kilichopo, kivuli sikinunui...

Mshororo wa tatu ulinikataa.
Nikamwonyesha noti badala yake, akazitazama kama samaki wa jana,
akazihesabu mara tatu.

Yote hayo niliyakagua. Kutu, seli, waya, breki,
hata harufu ya viti.
Hakuna aliyeniambia nikague kimya.

Ile Vespa yangu ilikuwa inawaamsha watu,
Ngwachani nzima ikijua mofa zimefika.
Sasa Bi Raya anatoka na kanga moja, barabara tupu,
nami nimeshapita, kweupe hakujawa.
"Umenipita kama mchawi," ananiambia.

Nimefunga kengele ya baiskeli
kwenye kioo cha pembeni.
Kila nyumba, natoa mkono dirishani,
naipiga kwa kidole gumba.